Jinsi ya Kubuni Bodi ya Saketi Inayochomekwa na Kuchomolewa Mfumo Ukiwaka

Kuna mitambo ambayo haipaswi kuzimwa kwa ajili ya kadi moja iliyoharibika: seva za benki, mitambo ya kampuni za simu, rauta kubwa zinazobeba mawasiliano ya miji mizima. Fundi huchomoa kadi mbovu na kuchomeka nzima huku kadi za jirani zikiendelea na kazi. Jambo hili si geni. Kompyuta za NonStop za kampuni ya Tandem ya Marekani, zilizoanza kutolewa mwaka 1976, zilijengwa kwa kusudi la kutosimama hata sehemu yake moja inapoharibika, na mwaka 1998 shirika la PICMG, linaloweka kanuni za kompyuta za viwandani, lilitoa kanuni za 2.1 za kubadilisha kadi za CompactPCI, aina mojawapo ya kadi za kompyuta hizo, zikiwa katika mfumo unaowaka. Kanuni hizo bado zinastahili kusomwa na kila mbunifu, hata yule ambaye hatashika kadi ya CompactPCI maishani mwake, kwa sababu zinaeleza kwa utaratibu kile ambacho wengi hujifunza baada ya kuunguza vifaa.

Mwongozo huu unafuata kadi moja ya mfano tangu mwanzo hadi mwisho. Kadi hiyo inalishwa kwa volti 12 kutoka bekipleni, yaani bodi ya nyuma yenye soketi ambamo kadi zote za mfumo huchomekwa. Ina kapasita, yaani vifaa vya kuhifadhi chaji, zenye jumla ya mikrofaradi 1000, na ikifanya kazi kikamilifu inavuta ampea 4. Namba zako zitatofautiana na hizi, lakini hesabu ni zilezile. Usalama wa kadi ya namna hii unategemea mfuatano: kipi kiguse kwanza, kipi kisubiri, na kipi kiachie kabla ya vingine. Mbunifu akiupata mfuatano huo sawasawa, sehemu kubwa ya kazi imekamilika.

Kinachotokea kadi isipolindwa

Kapasita tupu, kwa kitambo cha kwanza, haina tofauti na waya uliounganisha chanya na graundi. Upinzani wa njia yote, kuanzia pawa saplai hadi ndani ya kapasita, ukiwa miliomu 50, kanuni ya Ohm inaruhusu mkondo wa ampea 240. Induktansi ya njia hiyo, yaani tabia ya waya kupinga mabadiliko ya ghafla ya mkondo, itaupunguza, lakini utabaki mkubwa kupita kiasi. Kwanza, cheche hula uso wa pini za konekta, na pini iliyoliwa huongeza upinzani na joto kwa miaka yote inayofuata. Pili, na hili ndilo baya zaidi, volteji ya bekipleni huporomoka kwa muda mfupi, na kadi za jirani ambazo hazikuguswa na mtu hujiwasha upya. Fundi aliyekuja kuokoa kadi moja huwa ameangusha mfumo mzima.

Pini ziguse kwa zamu

Ulinzi wa kwanza ni urefu wa pini. Pini za graundi ziwe ndefu kuliko zote, ili ziguse kwanza na kuachia mwisho. Zifuate pini za umeme, kisha pini za mawasiliano, na mwisho kabisa pini moja fupi ambayo kazi yake ni kutangaza kwamba kadi imekwisha kukaa. Ukitazama ndani ya plagi ya kawaida ya USB utaona kwamba pini mbili za pembeni, za umeme na graundi, zimetangulia mbele kidogo kuliko zile za data. Katika CompactPCI pini fupi ndiyo inayobeba ishara ya BD_SEL#, na bila ishara hiyo sehemu kuu ya kadi haipewi umeme.

Kadi pana huweza kuingia kwa upande, ncha moja ikitangulia nyingine. Kwa hiyo inafaa kuweka pini fupi mbili, moja kila mwisho wa konekta, na kuziunganisha kwa mfululizo ili saketi ikamilike pale tu ambapo ncha zote mbili zimefika. PCI Express inafuata wazo hilohilo: pini zake mbili za kutambua uwepo wa kadi ziko mbalimbali, na kadi yenyewe ndiyo inayoziunganisha.

Pini zinapogusana hurukaruka kabla ya kutulia, na mkono wa binadamu hutetemeka. Kwa sababu hiyo kidhibiti, yaani chipu inayofungua na kukata umeme wa kadi, kisifungue umeme mara pini fupi inapogusa, bali kisubiri makumi kadhaa ya milisekunde za utulivu. Ucheleweshaji huu lazima uwe wa upande mmoja. Wakati wa kuchomoa, pini fupi ndiyo inayoachia kwanza, na hapo umeme unatakiwa ukatwe papo hapo. Tofauti ya urefu ikiwa milimita 1 na mkono ukivuta kwa kasi ya milimita 200 kwa sekunde, kuna milisekunde 5 tu kabla ya pini za umeme kutengana. Kidhibiti kizuri hukata kwa maikrosekunde, hivyo muda huo unatosha na pini za umeme hutengana zikiwa hazina mkondo wowote. Mbunifu aliyeweka rezista na kapasita ya kawaida kwenye pini hiyo, akachelewesha pande zote mbili kwa milisekunde 50, ameutupa ulinzi wote uliokuwa ndani ya pini fupi.

Mosfeti na kidhibiti chake

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo. Kati ya pini za volti 12 na kapasita za kadi huwekwa transista ya aina ya mosfeti, na kidhibiti maalumu huifungua polepole. Kwa volti 12, mosfeti ya aina ya N huwekwa upande wa chanya, na kidhibiti hutengeneza chenyewe volteji ya geti, yaani pini inayoifungua na kuifunga mosfeti, iliyo juu ya volti 12. Kwa mifumo ya simu inayotumia volti 48 hasi, mosfeti hukaa upande wa hasi.

Njia ya kuutawala mkondo wa mwanzo ninayoipendekeza ni kudhibiti kasi ya kupanda kwa volteji. Tuseme kidhibiti hutoa maikroampea 10 kwenye geti. Ukiweka kapasita ya nanofaradi 10 kati ya geti na graundi, geti litapanda kwa volti 1 kila milisekunde, na volteji ya kadi italifuata kwa kasi hiyohiyo. Mkondo unaoingia kwenye mikrofaradi 1000 kwa kasi hiyo ni ampea 1, na safari yote hadi volti 12 inachukua milisekunde 12. Bekipleni haitahisi chochote. Weka pia rezista ya takriban omu 1000 kwa mfululizo na kapasita hiyo ya geti, kwa sababu bila rezista hiyo kidhibiti kitalazimika kuitoa chaji kapasita nzima kila kinapotaka kukata umeme kwa haraka.

Njia ya pili ni kuacha mosfeti ijaze kapasita kwa mkondo wa kikomo, yaani mkondo wa juu kabisa ambao kidhibiti huruhusu, ambao katika mfano wetu ni ampea 5. Kujaza kutachukua milisekunde 2.4, na jambo hilo linavutia mtu asiyetazama mbali. Lakini kwa kuwa kikomo kinafikiwa kila kadi inapowashwa, kipima muda cha hitilafu, kinachohesabu mkondo umekaa kwenye kikomo kwa muda gani kabla ya kukatwa, lazima kiruhusu zaidi ya milisekunde 2.4, tuseme 5. Siku kadi itakapokuwa na shoti, mosfeti itabeba volti 12 na ampea 5, yaani wati 60, kwa milisekunde 5 zote, ambazo ni jouli 0.3. Kwa njia ya kwanza, kikomo hakifikiwi wakati wa kuwasha, kwa hiyo kipima muda kinaweza kufupishwa hadi milisekunde 1, na shoti ileile ikaishia karibu na jouli 0.06. Tofauti ni mara tano, na mara nyingi hiyo ndiyo tofauti kati ya mosfeti inayopona na inayokufa.

Kikomo chenyewe hupimwa kwa rezista ndogo. Kidhibiti kinachotenda pale volteji juu ya rezista inapofika milivolti 25, kikiwekewa rezista ya miliomu 5, kitakuwa na kikomo cha ampea 5. Kama usahihi wake ni asilimia 10 juu na chini, kikomo halisi kitakuwa kati ya ampea 4.5 na 5.5: chini kuna nafasi juu ya ampea 4 za kazi, na juu kuna namba ya kutumia katika kupima ukubwa wa mosfeti. Nyaya mbili za kipimo zitoke ndani kabisa ya vitako vya rezista hiyo na zisibebe mkondo mwingine wowote, kwani lehemu na shaba chache zikiingia katika kipimo cha miliomu 5 zinatosha kukipotosha.

Sasa tuje kwenye uchaguzi wa mosfeti, ambao ndio unaokosewa zaidi. Wabunifu wengi huangalia upinzani wake ikiwa wazi, wakachagua iliyo ndogo kuliko zote. Kwa ampea 4 na miliomu 5, joto ni wati 0.08 tu, jambo ambalo halimsumbui mtu. Taabu iko katika zile milisekunde ambazo mosfeti iko nusu wazi, ikibeba volteji na mkondo kwa pamoja. Wakati wa kuwasha, nguvu katika mosfeti yetu huanza na wati 12 na kushuka hadi sifuri, na jumla ya nishati inayobaki ndani yake ni sawa na ile inayohifadhiwa kwenye kapasita, yaani jouli 0.072. Hakuna ujanja wa kuipunguza. Kuchelewesha au kuharakisha hubadilisha tu muda ambao nishati hiyo inasambaa.

Kinachohitajika ni mchoro wa eneo salama la utendaji, uliomo katika karatasi ya data ya kila mosfeti inayostahili kutumika. Mchoro huo husema, kwa volteji fulani na muda fulani, mosfeti inaweza kubeba ampea ngapi. Hata hivyo, kwa kawaida umechorwa kwa kifuko, yaani ganda la nje la mosfeti, chenye joto la nyuzi 25, hali ambayo ndani ya sanduku la seva haipo. Kama kiwango cha juu cha joto la silikoni ni nyuzi 175 na kifuko kiko nyuzi 85, umebakiwa na nyuzi 90 kati ya 150, yaani asilimia 60 ya uwezo ulioandikwa. Kwa hiyo, ili kustahimili ampea 5.5 kwa volti 12 na milisekunde 1 katika joto hilo, tafuta mosfeti ambayo mchoro wake unaonyesha zaidi ya ampea 9 mahali hapo. Kisha rudia hesabu kwa mwendo wa kuwasha: ampea 1 kwa milisekunde 12.

Kuna mtego mwingine ndani ya silikoni yenyewe. Geti likiwa na volteji ndogo, sehemu ya mosfeti iliyopata joto zaidi huvuta mkondo zaidi, ikazidi kupata joto, hadi doa moja dogo linaungua huku sehemu nyingine zikiwa hazijachoka. Jambo hili huzikumba hasa mosfeti za kisasa zenye upinzani mdogo sana, kwa hiyo ile inayoonekana bora kwenye orodha ya duka inaweza kuwa dhaifu kuliko ya zamani. Kuweka mbili sambamba nako hakusaidii wakati wa kuwasha, kwani hazifunguki kwa volteji sawa ya geti. Ile inayotangulia kufunguka hubeba karibu mzigo wote. Kila moja, basi, iweze kustahimili peke yake.

Mosfeti inapokufa, mara nyingi hufa ikiwa imeshikana, na umeme hupita bila mtu wa kuuzuia. Kwa hiyo weka fyuzi kabla yake. Ni kifaa cha bei ndogo, na kinazuia hitilafu ya kadi moja isigeuke moto wa sanduku zima.

Miruko ya volteji

Nyaya na njia za shaba za bekipleni zina induktansi, na induktansi haikubali mkondo ukatwe ghafla. Tuseme shoti imepandisha mkondo hadi ampea 50 kabla kidhibiti hakijaamka, kisha kikaukata kwa nusu maikrosekunde, na induktansi ya njia ni nanohenri 200. Volteji inayozaliwa ni volti 20, inayojumlishwa na 12 zilizokuwapo, na pini ya kidhibiti inaona volti 32. Dawa yake ni daiodi ya kuzuia miruko, iliyowekwa karibu kabisa na konekta, upande wa kabla ya mosfeti, na graundi yake iwe fupi na pana. Daiodi inayotulia kwa volti 13 huweza kufika takriban volti 21 inapobeba mkondo wake wa juu kabisa. Kwa hiyo chagua kidhibiti kinachostahimili zaidi ya hapo. Upande wa baada ya mosfeti, daiodi ya Schottky kwenda graundi huzuia volteji isizame chini ya sifuri.

Wengi hufikiri kwamba mruko huo utatibiwa kwa kuongeza kapasita za seramiki mbele ya mosfeti. Zikiwekwa hapo, zinakuwa nje ya ulinzi wote: hujazwa kwa cheche mara pini zinapogusa, na zikishirikiana na induktansi ya njia zinaweza kuruka hadi karibu mara mbili ya volteji, yaani volti 24. Mbele ya mosfeti acha mahali pasiwe na kapasita kubwa. Ukihitaji kutuliza mtikisiko, tumia kapasita ndogo yenye rezista kwa mfululizo.

Nyuma ya mosfeti weka rezista ya kumwaga chaji, kwa mfano ya omu 1000, endapo kidhibiti chako hakina uwezo huo. Pamoja na mikrofaradi 1000 inatoa muda wa sekunde 1 wa kushuka, na hivyo kadi iliyochomolewa na kurudishwa haraka haitaanza na volteji nusu ambayo huvuruga vichakataji.

Nyaya za mawasiliano

Kadi isiyo na umeme inaweza kulishwa kwa mlango wa nyuma. Chipu nyingi zina daiodi kutoka kwenye pini ya kuingiza data hadi kwenye umeme wake, na kadi ikigusa basi la data, yaani nyaya za mawasiliano zinazoshirikiwa na kadi zote, lenye volteji kabla haijawashwa, mkondo hupita kwenye daiodi hizo, ukiwasha chipu nusunusu au ukiifunga katika hali ya shoti ya ndani ambayo haitoki hadi umeme ukatwe. Tumia chipu za kiolesura ambazo mtengenezaji anathibitisha kwamba pini zake hazivuti mkondo zikiwa hazina umeme. Pini za kuruhusu utoaji zivutwe kwa rezista hadi hali ya kuzima, na ziachiwe tu baada ya kidhibiti kutangaza kwamba umeme umetulia.

Pini ya kadi pia ina kapasitansi yake, na ikigusa waya unaobeba data huvuta chaji na kuacha mtikisiko. CompactPCI hutatua hilo kwa kuzichaji pini za basi hadi volti 1 kabla hazijagusa, ili pengo la volteji liwe dogo iwe waya uko juu au chini. Kwa basi la I2C, lenye nyaya mbili za mawasiliano ya polepole kati ya chipu, kuna vipitishi vinavyofanya hivyo na pia kusubiri hadi basi liwe kimya ndipo viunganishe kadi. Jozi za data za kasi kubwa zinazopita kwenye kapasita, kama zile za PCI Express, zina taabu ndogo zaidi hapa.

Usisahau umeme tuli wa mwili wa fundi. Ukanda wa shaba kwenye ukingo wa kadi, unaogusa reli ya kuongozea kadi na kuunganishwa na graundi kupitia rezista kubwa ya takriban megaomu 1, huumwaga polepole kabla pini yoyote haijafika.

Kuchomoa kwa taarifa na kuchomoa kwa ghafla

Saketi pekee hailindi data. Weka swichi ndogo kwenye wenzo wa kutolea kadi: fundi akiufungua, mfumo unapata habari, programu inasimamisha kazi za kadi hiyo, kisha inawasha taa ya buluu inayosema kwamba sasa inaruhusiwa kuchomolewa. CompactPCI na AdvancedTCA, kanuni nyingine ya PICMG iliyokusudiwa mitambo ya simu, zote zinatumia taa ya rangi hiyo, na sioni sababu ya mbunifu kuvumbua rangi nyingine na kuwachanganya mafundi. Wakati huohuo, umeme wa kadi usitegemee utaratibu huo hata kidogo. Ipo siku mtu atavuta kadi bila kusubiri taa, na siku hiyo pini fupi na kidhibiti vinatakiwa vitosheleze peke yake.

Kuijaribu kadi

Unganisha oskiloskopu ili uone kwa pamoja volteji ya bekipleni, volteji ya kadi, geti la mosfeti na mkondo. Anza na kuchomeka kwa kawaida, kisha kwa polepole sana, kwa haraka, na kwa upande, mara nyingi. Fanya hivyo pia kadi ikiwa imetoka kwenye joto la juu kabisa inaloruhusiwa, na kapasita zikiwa za kiwango cha juu cha uvumilivu wake, maana kapasita iliyoandikwa 1000 inaweza kuwa 1200. Halafu chomeka kadi yenye shoti ya makusudi, na baadaye tengeneza shoti kadi ikiwa tayari inafanya kazi. Majaribio haya mawili hayafanani, kwa kuwa la pili huja na mkondo mkubwa kabla kidhibiti hakijatenda. Pima mosfeti baada ya kila shoti, hata kama kadi inaonekana nzima.

Katika majaribio yote, soketi za jirani ziwe na kadi zinazopitisha data mfululizo huku zikihesabu makosa. Volti 12 za jirani zisitoke nje ya asilimia 5, yaani zibaki kati ya volti 11.4 na 12.6, na hesabu ya makosa isiongezeke hata moja. Majaribio yakiisha, ziangalie pini za umeme kwa kioo cha kukuzia: doa jeusi au shimo dogo kwenye ncha ya pini linaonyesha kwamba mkondo ulikuwa unapita pini ilipogusa au ilipoachia. Likionekana, rudi kwenye ucheleweshaji wa pini fupi na kwenye kapasita zilizo mbele ya mosfeti kabla hujaagiza bodi nyingine.